UZI: Kwa nini tunaombea kila mtu isipokuwa polisi na familia zao?

#1 Kisamvu cha Nazi

Wakuu, salaam.

Jumapili iliyopita kanisani kwetu zilisomwa sala za waamini kama kawaida. Papa na maaskofu, viongozi wa serikali, wagonjwa, wasafiri, wajane, yatima, wanafunzi wa kidato cha nne, wakulima wapate mvua. Msomaji akaongeza na madereva wa bodaboda. Mimi nakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nikageuka, nikamwona afande wa kituo chetu kidogo amesimama nje chini ya mwembe, bunduki begani. Aliwekwa pale kwa sababu wiki mbili nyuma ziliibwa pikipiki tatu watu wakiwa kwenye misa. Ndani tunaombeana sote, yeye analinda pikipiki zetu ili tuombeane vizuri, na hakuna aliyemtaja.

Nikamuuliza jirani yangu Muislamu kama kwao ni tofauti. Akafikiri, akasema imamu huombea "walinzi wa nchi" ila hajui kama polisi yumo humo.

Wakiuawa tunasikitika siku moja. Stakishari 2016, Kibiti wale tisa, ubalozi wa Ufaransa 2021. Kesho yake tunarudi kwenye Simba na Yanga. Wake zao na watoto wao wanaishia wapi? Nani anawataja?

Swali langu ni hilo tu. Ni chuki, ni woga, au tumesahau?

#2 Bisi Mkononi

Siti ya mbele, nimekaa. Huu uzi utafika kurasa 40.

#3 Mzee wa Depo

Kijana, nia yako njema ila tarehe zako zinanikera.

Stakishari ni usiku wa tarehe 12 Julai 2015. Walivamia kituo chenyewe pale Ukonga, wakaua askari 4 na raia waliokuwepo, wakaondoka na silaha. Unayoichanganya nayo ni ya Mbande, Agosti 2016, askari 4 wa lindo la benki. Kibiti ni 13 Aprili 2017 na waliokufa ni 8, siyo 9. Walikuwa ndani ya gari wakirudi kutoka lindoni. Ya ubalozi wa Ufaransa umepatia mwaka: 25 Agosti 2021, askari 3 na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Huyo mlinzi naye huwa anasahaulika, hata na sisi.

Nimetumikia miaka 34, nimestaafu na cheo cha sajenti meja. Niliowazika hawakufa wakirushiana risasi kama kwenye sinema. Wamekufa wakishuka kwenye gari, wakirudi lindo, au barabarani saa nane usiku kwenye defenda lenye tairi kipara.

#4 Kisamvu cha Nazi

Ahsante mzee wangu kwa masahihisho. Nimeyapokea.

#5 Jina Moja na Mwizi

Mimi nitawaombea siku nitakayorudishiwa siku zangu 6.

Nililala mahabusu siku sita kwa sababu nimefanana jina na mtu aliyeiba nyaya. Jina la kwanza na la pili tu, la tatu halikufanana. Sheria inasema saa 24 uwe umefikishwa mahakamani au umepata dhamana. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa, DHAMANA NI BURE, na aliyekuwa kaunta aliegemea karatasi hiyohiyo akiniambia bei. Mama yangu alikuwa analeta uji asubuhi, wanaumimina nusu kukagua kama una kitu.

Nikisikia "tuwaheshimu polisi" naona ule uji sakafuni. Kituo sitakitaja. Mleta mada usinielewe vibaya, sina shida na afande wako wa mwembeni.

#6 Dada wa Liturujia

Pole sana #5.

Kwa mleta mada: kimaandiko wapo. Timotheo wa kwanza, sura ya 2, tunaagizwa kuombea wafalme "na wote wenye mamlaka". Afande ana mamlaka, kwa hiyo akisomwa "viongozi wa serikali" naye yumo. Hajasahauliwa, amejumuishwa.

#7 Abiria Chunga Mzigo

Dada, mamlaka ya afande ni ya kunisimamisha mimi na boda yangu. Ukimjumuisha na mawaziri atashangaa mwenyewe, maana waziri akipita yeye anasimama juani saa tatu.

Halafu mnasema bodaboda tumeombewa. Ahsanteni, ila sala zote zile huishia kwa trafiki wa darajani.

#8 Jina Moja na Mwizi

Kama ni maandiko nisomee na Luka 3:14 basi. Askari walimwuliza Yohana Mbatizaji, na sisi tufanye nini? Akawajibu "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mishahara yenu." Mtu alijua kesi ya kubambikiwa miaka elfu mbili iliyopita!

#9 Mzee wa Depo

Yohana alikuwa anakula nzige na asali ya mwitu, hakuwa na ada ya shule ya watoto wanne.

Natania. Pole kwa yaliyokukuta. Askari wa aina hiyo nimewajua, wengine nimekaa nao lindo moja. Wanatufanya tulio wengi tuone aibu kuvaa gwanda sokoni. Ila nikuulize na mimi: baada ya kutoka ulimshitaki?

#10 Jina Moja na Mwizi

Nimshitaki wapi mzee? Kaunta ileile?

#11 Mzee wa Depo

Hapo umenikamata.

#12 Ustadh Pwani

Assalaam aleykum wote, na wasio Waislamu salamu zenu.

Kuna hadithi maarufu aliyoipokea Tirmidhi: macho mawili hayataguswa na moto, jicho lililolia kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu na jicho lililokesha likilinda katika njia yake. Masheikh hutofautiana kama mlinzi wa kawaida wa mji anaingia humo. Wapo wanaosema kila anayekesha ili watu walale kwa amani ana fungu lake kwa nia yake.

Lakini kuna ya pili, iko kwa Bukhari, nayo inamjibu #5. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa. Maswahaba wakauliza, huyu aliyedhulumiwa tunajua namna ya kumsaidia, dhalimu je? Akajibu, kwa kuuzuia mkono wake. Basi kumwombea polisi si lazima iwe kumsifu. Unaweza kumwombea mkono wake uzuiwe.

Na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mola. #5, dua yako ina nguvu kuliko ya imamu, itumie vizuri.

#13 Bisi Mkononi

Ustadh umemaliza. Mods fungeni uzi.

#14 Mwanahistoria wa Jioni

Usifungwe bado. Mnajadili kama vile hii ni mada ya dini. Ni ya historia.

Jeshi la polisi la Tanganyika liliundwa na Waingereza mwaka 1919, makao yake ya kwanza yakiwa Lushoto. Halikuundwa kumlinda babu yako asiibiwe mbuzi. Liliundwa kulinda utawala na kuhakikisha kodi ya kichwa inalipwa. Kabla yao Wajerumani walikuwa na askari wao na kiboko. Bibi zetu walipoona kofia ile porini walikimbilia migombani. Kitu kilichoingia kijijini kama adui hakiwezi kuingia kwenye sala za kijiji. Uhuru ulibadilisha bendera, woga ukabaki kwenye familia, unarithiwa kama pua.

Na ushahidi ni huu, hatuna hata mnara mmoja wa polisi uliojengwa na wananchi.

#15 Mtoto wa Posta

Mnara upo, acha kupotosha. Sanamu ya Askari pale Posta katikati ya barabara ya Samora ni ya nini? Jina lenyewe ni Askari.

#16 Mwanahistoria wa Jioni

Huyo si polisi ndugu yangu. Ni askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Iliwekwa 1927 na Waingereza. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha pale sanamu ya gavana wao, Wissmann. Umekaa Posta maisha yako yote hujasoma kibao?

#17 Mtoto wa Posta

Napita pale nikikimbilia gari la Gongo la Mboto. Nani anasoma vibao?

#18 Binti Kota

Nimekuwa msomaji kimya humu miaka mingi. Leo naandika.

Nimezaliwa kota ya polisi na kukulia kota. Baba alikuwa koplo. Nyumba vyumba viwili, milango yote rangi moja, choo cha nje tunachangia familia nne. Anayedhani mtoto wa polisi anaringa mtaani ajue kwamba shuleni sikuwa nasema. Nikiulizwa baba anafanya kazi gani nilijibu "serikalini". Mama ndiye alitufundisha kujibu hivyo. Baba akitoka lindo alikuwa anavaa shati la kiraia juu ya suruali ya gwanda ili apite sokoni bila kusemwa.

Sala ya nyumbani kwetu haikuwa na maneno. Mama alikuwa hafungi komeo mpaka asikie buti. Baba akiwa zamu ya usiku mama alilala sebuleni kwenye mkeka, na ndara za baba alikuwa ameziweka mlangoni zikielekea ndani, kama mtu anayeingia. Ukizigeuza kwa bahati mbaya wakati wa kufagia unachapwa. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa.

Baba hakuuawa na jambazi. Alikuwa anasindikiza mitihani ya darasa la saba, gari likaacha njia kwenye mteremko. Hayumo kwenye orodha ya mashujaa ya mtu yeyote. Siku ya mazishi bendera ilikuwepo, paredi ilikuwepo, watu wakampigia mama saluti. Miezi michache baadaye tukaambiwa nyumba inahitajika, kuna askari mpya amehamia na familia yake. Na ni kweli alihitaji, walikuwa wanalala kwa watu. Mama alimwachia yule mke mgeni jiko la mkaa na pazia.

Waliotuombea ni wanawake wa kota. Walikuja kila jioni siku arobaini, Wakristo na Waislamu, kila mmoja na kikombe chake cha sukari. Kwa hiyo mleta mada, ukiuliza nani anawaombea, jibu ni kwamba wanaombeana wenyewe. Ninyi wa nje ndio hamjawahi kusikia.

#19 Kisamvu cha Nazi

Nimesoma mara mbili. Ahsante dada.

#20 Abiria Chunga Mzigo

Mimi baba yangu alikuwa mgambo wa soko, hata hiyo saluti hatukupata. Pole dada. Nimefuta utani niliokuwa nimeuandika.

#21 Mkwe wa Ukerewe

Binti Kota, kwetu viatu vya mume kuelekea ndani wakati hayupo ni mwiko mkubwa, ni vya maiti. Vinaelekezwa nje ili ajue njia. Inawezekana mama yako alikosea?

#22 Binti Kota

Shemeji, baba alirudi salama usiku kwa miaka 19. Siku aliyofariki ilikuwa mchana.

#23 Mnakuru Halisi

Hamjambo majirani. Niruhusuni niingie kutoka Kenya.

Kwetu polisi wana makasisi na maimamu wao ndani ya huduma, wanaajiriwa na kuvaa sare. Kwa hivyo maombi yapo tena kwa ratiba. Novemba 2012 kule Baragoi waliuawa polisi zaidi ya 40 kwenye bonde la Suguta, wakifuata mifugo iliyoibwa. Nchi nzima ililia. Kaskazini na Lamu magari yao yamelipuliwa hata hatuhesabu tena.

Lakini sikiliza hii. Tarehe 25 Juni 2024 kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilitua Haiti. Wake zao walikuwa wameshikana mikono wakiomba. Siku hiyohiyo, mchana, polisi wenzao walikuwa wakipiga vijana risasi nje ya Bunge Nairobi. Mimi nina binamu Haiti, na mtoto wa dada yangu alikuwa barabarani Nairobi. Mama yangu mzee alikaa kwa redio akashindwa aombe nini. Alirudia tu "Mungu wangu, wote ni watoto." Februari 2025 askari wa kwanza wa Kenya akauawa Haiti, tukarudi kanisani tena.

Kwa hivyo ukiniuliza kama tunaombea polisi, inategemea ni nyumba gani unabisha hodi.

#24 Kona ya Tatu

Tusizunguke. Hapa kwetu nani aombee polisi baada ya Oktoba 29, 2025, siku ile ya uchaguzi na maandamano?

Mtaani kwetu tulizika kijana wa miaka 19. Alikuwa fundi simu. Nyumba ya tatu kutoka kwao anakaa askari, amepanga, ana mke na watoto wawili. Wote wanachota maji bomba moja. Siku ya pili ya matanga yule mke wa askari alikuja na sufuria ya chai ameifunika na kanga. Akakaa nje kwenye jiwe. Hakuna aliyemsemesha na hakuna aliyemfukuza. Chai ikapoa. Jioni mama wa marehemu akatoka, akaichukua ile sufuria akaingia nayo ndani. Kesho yake akairudisha imeoshwa.

Sijui kama hiyo ni sala. Hawasalimiani mpaka leo.

#25 Modi Zamu

Mabandiko 5 yaliyofuata hapa yamefutwa kwa matusi. Endeleeni kwa staha.

#26 Mama Kulwa

Sababu mbona ni nyepesi tu. Daktari namwona siku mbaya lakini naondoka na dawa. Mwalimu naye ananirudishia mtoto jioni. Polisi nikimwona siku mbaya siku inazidi kuwa mbaya: fomu ya PF3, maelezo, njoo kesho, mpelelezi yuko kozi. Hata akinisaidia sitaki kukumbuka siku ile, kwa hiyo na yeye simkumbuki.

Mwanangu alipopotea Kariakoo akiwa na miaka 5, WP mmoja, askari wa kike, alimbeba mgongoni kutoka kituo hadi kituo mpaka tukakutana. Binti mdogo tu, jasho linamtoka. Nimemwombea huyo mara ngapi? Nimeandika hapa nimeona aibu.

#27 Mwanahistoria wa Jioni

Mama Kulwa, hiyo haifuti hoja ya #14. Inaithibitisha, polisi ameumbwa kuwa wa siku mbaya.

#28 Mzee wa Depo

Mwanahistoria nakuheshimu, ila historia yako imeruka mambo. Vita vya Kagera polisi na magereza walikwenda pia, na vijijini walipokelewa kwa ngoma. Miaka ya Polisi Jazz, wana Vangavanga, watu walicheza na sisi mpaka asubuhi. Huo woga wa kurithi ulikuwa wapi?

Sababu ninayoiona mimi ni uhamisho. Askari anakaa mahali miaka miwili mitatu anaondoka. Amejifungia kota, watoto wake wanasoma shule ya hapohapo kota, hana shamba, hana jumuiya. Utamwombeaje mtu usiyemzika mama yake? Mchungaji anakaa, mwalimu anakaa, sisi tunapita.

Lingine. Hatuna msemaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetutaja kwa jina kwamba haituhusu, sisi na JWTZ na magereza na JKT. Mei Mosi walimu wanaandamana na mabango yao, sisi tumesimama pembeni tunalinda maandamano. Nimesimama Mei Mosi 30 na ushee. Sikuwahi kubeba bango.

Na mkesha wa Krismasi ni hivyohivyo. Najua nusu ya kila mahubiri, maana spika za nje huwa zinakatika. Kuna padre mmoja kila mwaka alikuwa anatutumia sahani za pilau kabla wageni hawajala. Hakuwahi kusema neno juu yetu mimbarini, lakini pilau ilitangulia kwetu. Mimi huyo namhesabu aliomba.

#29 Shabiki Kindakindaki

Watu pekee wanaoombea polisi kila wiki ni mashabiki wa Polisi Tanzania, na tangu tushuke daraja 2023 hata sisi tumechoka.

#30 Abiria Chunga Mzigo

Kwani mlikuwa wangapi?

#31 Shabiki Kindakindaki

Siku ya mvua tulikuwa saba, wawili walikuwa zamu.

#32 Baridi ya Minnesota

Nawasoma kutoka Marekani. Huku jambo hili lina tarehe. Tangu rais Kennedy alipotia saini mwaka 1962, Mei 15 ni siku ya kuwakumbuka polisi waliokufa kazini, na wiki yake nzima ni ya polisi. Bendera zinashushwa nusu mlingoti. Washington kuna ukuta uliochongwa majina yao, zaidi ya 20,000, na kila Mei majina mapya yanasomwa usiku watu wameshika mishumaa. Wajane na watoto huja, wengine wanaweka karatasi juu ya jina na kulichora kwa penseli waondoke nalo. Uingereza nao wana Jumapili yao karibu na Septemba 29, sikukuu ya Malaika Mikaeli, msimamizi wa polisi kwa Wakatoliki.

Sasa mimi naishi Minneapolis. Mei 15 tunaombea polisi. Siku kumi baadaye, Mei 25, ni kumbukumbu ya George Floyd, aliyekufa chini ya goti la polisi mwaka 2020. Kanisa letu la Waswahili lina mama mmoja ambaye kijana wake ameajiriwa polisi, na baba mwingine ambaye kijana wake husimamishwa na polisi kila mwezi kwa sababu ya rangi yake. Wote wako kwaya moja, sauti ya pili na ya nne. Mchungaji wetu amejaribu kuunganisha siku hizo mbili kwenye ibada moja. Mwaka wa kwanza watu watatu walitoka nje. Mwaka wa pili walitoka wengine watatu, wa upande mwingine.

Kuwa na siku maalumu hakujamaliza ugomvi. Ila walau jina linasomwa.

#33 Jina Moja na Mwizi

Hapo kwenye ukuta wa majina nakubali, kwa sharti moja. Ukuta uwe na pande mbili. Upande huu askari waliouawa, upande wa pili waliouawa na askari. Akwilina, mwanafunzi aliyepigwa risasi kwenye daladala Februari 2018, awepo. Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari aliyeuawa Nyololo 2012, awepo.

#34 Mzee wa Depo

Kwa Mwangosi askari alishitakiwa na alifungwa miaka 15. Uwe mkweli kamili.

#35 Jina Moja na Mwizi

Mmoja mzee. Kwenye picha walikuwa wengi.

#36 Kona ya Tatu

Na Kibiti upande upi? Kabla na baada ya wale askari 8 waliuawa wenyeviti wa vijiji na watendaji, na kuna watu waliondoka nyumbani hawajarudi. Ukuta wenu utahitaji upande wa tatu.

#37 Wakili wa Mwanzo

Mnabishana kuhusu kuta, niongee na wenye familia za askari wanaosoma kimya kama Binti Kota.

Mume akifariki, sala ni sala lakini karatasi zisingoje arobaini iishe. Cheti cha kifo RITA. Muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi wa mirathi, wenye saini za waliohudhuria. Peleka mahakama ya mwanzo, tangazo litabandikwa, muda ukiisha bila pingamizi mnapewa barua ya usimamizi. Bila barua hiyo mafao hayatoki. Nimeona wajane wanazungushwa na mashemeji mwaka mzima kwa sababu kikao cha ukoo hakikai. Na cheti cha ndoa, tafadhali, askari wengi mmeoa mbali na mlipoandikishwa, kisha taarifa za kazini bado zinasoma jina la mama mzazi kama mrithi. Kazibadilisheni kesho asubuhi.

Mtu akitaka kuheshimu familia ya polisi, amsindikize mjane mahakamani siku moja. Foleni ni ndefu na benchi ni gumu.

#38 Binti Kota

Jina la bibi ndilo lililokuwa limeandikwa kwetu. Ungetuambia miaka ile.

#39 Ustadh Pwani

Allah akulipe wakili. Naongeza kwa Waislamu, mjane akiwa eda ya miezi minne na siku kumi haimaanishi mambo yake yasimame. Ndugu wamfanyie.

#40 Dada wa Liturujia

Nimerudi. Nimewaza tangu #7 aliponicheka. Nimekagua daftari letu la sala za waamini la miaka miwili, maana mimi ndiye mwandishi wake. Tumeombea mvua mara 31. Timu ya taifa mara 4. Polisi hata mara moja. "Mamlaka" nyingi sana. Basi nimekubali.

#41 Mama Kulwa

Mara 4 timu ya taifa?? Ndiyo maana.

#42 Kisamvu cha Nazi

Wakuu, mrejesho.

Nilikwenda kwa katekista kuandikisha nia ya misa kwa ajili ya afande wetu na familia yake. Akafungua kitabu, akashika kalamu, akaniuliza jina. Nikasema Afande. Akasema Afande nani? Nikakwama. Miaka mitatu yuko kituo kile. Namsalimia kila asubuhi, mke wake ananiuzia maandazi, mtoto wake anacheza na wangu. Jina sijui.

Nikamuuliza mke wangu, naye anamjua kama Baba Junia.

#43 Bisi Mkononi

Andika namba yake ya jeshi. Magazeti yote yanaandika hivyo, G ngapi sijui PC fulani. Mbinguni watalinganisha.

#44 Abiria Chunga Mzigo

Mbinguni kaunta imefungwa, njoo kesho.

#45 Mzee wa Depo

Muulize mwenyewe kijana. Kifuani kuna kibao cha jina, hukuwahi kusoma kwa sababu ulikuwa unaangalia bunduki.

#46 Kisamvu cha Nazi

Nimempigia hakupokea, yuko lindo. Nikamtumia ujumbe: "Afande shikamoo, naomba majina yako kamili, ni kwa ajili ya jambo la kanisani."

Amejibu sasa hivi: "Nani amelalamika?"